Daftari la Safu Mbili: Majina ya Makosa kati ya Kiingereza na Kiromania

Orodha za msamiati zinazowafundisha Waromania Kiingereza huwa, kwa kawaida, na sehemu inayohusu uhalifu na mwenendo wa watu, na sehemu hiyo hupangwa katika safu mbili, ya kushoto ikiwa na neno la Kiingereza na ya kulia ikiwa na neno la Kiromania linalohesabiwa kuwa mwenzake. "Theft" huandikiwa "furt", yaani wizi. "Murder" huandikiwa "omor" au "crimă", yaani mauaji. "Bribe" huandikiwa "mită", yaani hongo. Na mwanafunzi huzikariri jozi hizo kama anavyokariri majina ya matunda. Makala haya yanaziangalia orodha hizo kwa kumbukumbu za mwandishi wake, mzungumzaji wa Kiswahili aliyesomea ukalimani wa mahakamani jijini London katika darasa la jioni ambalo wanafunzi wake wengi walikuwa Waromania, na ambaye aliketi nao meza moja akilijaza daftari lake la Kiswahili huku wao wakiyajaza ya kwao. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba jina la kosa si jina la kitu kilichokuwapo tayari duniani kikingoja kuitwa. Kosa la jinai, yaani tendo ambalo kwalo dola yenyewe humshitaki mtu na kumwadhibu, hupata umbo lake kutokana na sheria inayolikataza, na sheria hiyo haivuki mpaka wa nchi pamoja na neno.

Wingi wa Waromania katika darasa hilo ulikuwa na sababu zake. Romania ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 2007, na vikwazo vya ajira ambavyo Uingereza iliwawekea raia wake viliondolewa tarehe 1 Januari 2014. Sensa ya England na Wales ya mwaka 2011 ilikuta watu wapatao 68,000 ambao lugha yao kuu ilikuwa Kiromania, na ile ya mwaka 2021 ikawakuta wapatao 472,000, ongezeko lililokiweka Kiromania nyuma ya Kipolandi tu miongoni mwa lugha za wahamiaji. Watu wanaoongezeka kwa kasi hiyo huzaa, huugua, hugombana na wenye nyumba wao, na baadhi yao hufika polisi ama kwa kutendewa ubaya ama kwa kutuhumiwa, kwa hiyo kazi ya ukalimani huwafuata nyuma. Njia inayojulikana ya kuingia katika kazi hiyo ni stashahada ya ukalimani wa huduma za umma inayotahiniwa na Chartered Institute of Linguists, yenye mkondo wa sheria, ambamo mtahiniwa hupimwa kwa kufasiri mazungumzo ya pande mbili, kumnong'oneza mtu tafsiri wakati msemaji angali anasema, na kuusoma kwa sauti katika lugha moja waraka ulioandikwa kwa nyingine. Masomo ya sheria yenyewe yalitolewa kwa Kiingereza kwa darasa zima, na kila mwanafunzi aliachiwa ajitafutie nyumbani maneno ya lugha yake.

Katika kazi hiyo ya nyumbani Waromania walionekana kuwa wamebahatika. Kiromania ni lugha ya ukoo wa Kilatini, na Kiingereza cha mahakamani kimesheheni maneno ya asili hiyohiyo yaliyopitia Kifaransa, hivyo madaftari yao yalijaa wiki za mwanzo tu, ilhali wanafunzi wa Kiswahili, Kisomali na Kitamil walikuwa bado wanahangaika na ukurasa wa kwanza. Bahati hiyo ndiyo iliyokuwa mtego. "Crime" na "crimă" yanafanana kwa sura, lakini Mromania wa kawaida anaposikia "crimă" hufikiria kwanza mtu aliyeuawa. Neno hilo lilikuwa zamani jina la daraja la makosa mazito kabisa katika kanuni ya adhabu ya karne ya 19, iliyofuata mfano wa Kifaransa, ilhali kanuni ya sasa, ambayo ni Sheria namba 286 ya mwaka 2009 iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 2014, hutumia "infracțiune" kwa kosa la jinai la aina yoyote na "omor" kwa kuua kwa kukusudia. Mtu anayeulizwa kwenye fomu kama amewahi kutiwa hatiani kwa "crime", akalisoma neno hilo kwa macho ya nyumbani kwao, anaweza kujibu hapana kwa moyo mweupe ingawa aliwahi kufungwa kwa wizi. Hatari zaidi ni "violator", ambalo kwa Kiingereza ni mvunjaji wa kanuni yoyote, hata ya maegesho ya magari, na kwa Kiromania ni mbakaji, wala si jingine. "Sentință" nayo ni hukumu ya mahakama ya mwanzo kwa ujumla wake, si adhabu, ambayo huitwa "pedeapsă". Na "magistrat" ni jaji au mwendesha mashtaka aliyesomea sheria na kuajiriwa na dola, wakati "magistrate" wa England mara nyingi ni raia wa kujitolea asiye na shahada ya sheria anayeketi na wenzake wawili.

Neno lililochukua muda mwingi zaidi darasani, na ambalo mwandishi analihesabu kuwa somo kubwa kuliko yote, ni "caution". Kwa polisi wa England neno hilo lina matumizi mawili: ni onyo analosomewa mtuhumiwa kabla ya kuhojiwa, na pia ni karipio rasmi ambalo mtu aliyekiri kosa dogo hupewa na polisi bila kufikishwa mahakamani, likabaki katika kumbukumbu zake. Jirani yake wa Kiromania, "cauțiune", hana uhusiano na lolote kati ya hayo, kwa sababu ni fedha anayoweka mtu ili aachiwe huru akisubiri kesi, yaani kile ambacho Afrika Mashariki hukiita dhamana. Hata hapo mambo hayajanyooka, maana dhamana ya England kwa kawaida haidai fedha taslimu bali masharti, kama vile kulala katika anwani fulani na kuripoti kituoni, ambayo kwa sheria ya Romania yangekaribiana zaidi na "control judiciar", uangalizi wa mahakama; fedha huingia tu pale inapoamriwa "control judiciar pe cauțiune". Mtuhumiwa anayeambiwa kwamba sasa atapewa "caution", akasikia "cauțiune", hudhani ametajiwa bei, na kwa mtu aliyetoka katika mazingira ambamo noti ilizoeleka kufungua milango, kudhani hivyo si ujinga.

Onyo lenyewe, baada ya kujua kwamba ni onyo, lilikuwa na mwiba mwingine. Tangu Sheria ya Haki ya Jinai na Usalama wa Umma ya mwaka 1994, polisi wa England humwambia mtuhumiwa kwamba halazimiki kusema lolote, lakini kwamba utetezi wake unaweza kudhurika iwapo atakaa kimya, wakati wa kuhojiwa, kuhusu jambo atakalolitegemea baadaye mahakamani, na kwamba atakalosema linaweza kutolewa kuwa ushahidi. Katika zoezi moja la darasani mwalimu alishika nafasi ya polisi, kijana mmoja Mromania akawa mtuhumiwa, na mwanamke wa makamo, Mromania pia, ambaye mchana alifanya kazi ya kutunza wazee, akawa mkalimani. Mwanamke huyo alilifasiri onyo lote vizuri, polepole, kidole kikifuata maandishi ya daftari lake, na alipofika kwenye sehemu ya kudhurika yule kijana akatoka katika uigizaji na kumwambia kwamba amekosea, kwa kuwa kimya hakimdhuru mtu. Hakuwa anabuni. Kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai ya Romania, iliyoanza kutumika siku moja na kanuni ya adhabu, inaagiza mtuhumiwa aelezwe kwamba akikataa kutoa maelezo hatapata tokeo lolote baya kwa kukataa huko, na kijana yule alikuwa amebeba ahadi hiyo kutoka kwao kama mtu anavyobeba lugha ya mama. Tafsiri sahihi ilisikika kuwa kosa kwa sababu sheria mbili zinasema mambo yanayopingana kwa maneno yaleyale ya kila siku: kimya, utetezi, mahakama.

Hukumu ya mwalimu katika tukio hilo ilikuwa ya kiufundi na ya haki. Mkalimani haruhusiwi kumfafanulia mtuhumiwa tofauti ya sheria hizo, kwa kuwa hapo atakuwa anatoa ushauri wa kisheria. Anachoruhusiwa ni kusimamisha mazungumzo, kuwaarifu wote wawili kwamba huenda pametokea kutoelewana kunakotokana na tofauti ya mifumo, na kumwachia polisi alieleze onyo lake kwa maneno mepesi, ambayo naye ana wajibu wa kuyatoa mtuhumiwa asipoelewa. Kuna wanaoiona kanuni hii kuwa baridi mno, lakini mwandishi anaiona kuwa ya busara, kwani mkalimani anayeanza kueleza sheria kwa lugha ambayo polisi haielewi huwa amejipa madaraka ambayo hakuna mtu chumbani anayeweza kuyakagua. Hata hivyo kanuni hiyo humdai mkalimani jambo ambalo orodha ya safu mbili haiwezi kumpa: ni lazima ajue sheria za pande zote mbili kiasi cha kutambua mahali pa kusimama.

Mtindo huohuo ulijirudia kwa neno "arrest". Kwa Kiingereza polisi akimshika mtu kwa kushukiwa kosa, mtu huyo amekuwa "arrested" tangu dakika ile. Kwa Kiromania hatua hiyo huitwa "reținere", ambayo haizidi saa 24, na "arestare preventivă" ni jambo jingine zito zaidi, kuwekwa mahabusu kwa amri ya jaji kwa muda usiozidi siku 30 kwa kila amri wakati wa upelelezi. Mama wa Kiromania anayepigiwa simu kutoka London kwamba mwanawe ni "arestat" huona tayari jaji, jela na mwezi mzima, wakati kijana pengine atalala kwake usiku huohuo. Kiswahili, kwa kutenganisha kukamatwa na kuwekwa rumande, kilimrahisishia mwandishi ukurasa huo, na ni haki kukiri kwamba kurasa za namna hiyo hazikuwa nyingi.

Ukurasa wa wizi, kwa mfano, ulikuwa mgumu kwa kila mtu. Sheria ya Wizi ya England ya mwaka 1968 hutenga "theft", kuchukua mali ya mwingine bila uaminifu kwa nia ya kumnyima kabisa. "Robbery", kuiba kwa kutumia nguvu au kutishia nguvu wakati wa kuiba au mara tu kabla ya hapo, ili kuiba. Na "burglary", ambayo orodha za Kiromania huiandikia "spargere", neno linalotokana na kitenzi cha kuvunja. Lakini "burglary" ya mwaka 1968 haidai kuvunja chochote: mtu aliyepita kwenye mlango ulioachwa wazi, akaingia jengoni bila ruhusa kwa nia ya kuiba, ameshaitenda hata kama ametoka mikono mitupu, na kama jengo hilo ni makazi ya watu anaweza kufungwa hadi miaka 14. Sheria ya Romania haina kosa linalojitegemea la namna hiyo, kwani kuiba kwa kuvunja au kwa kuingia katika makazi huhesabiwa kuwa "furt calificat", wizi uliozidishwa uzito na mazingira yake. Na msomaji wa Tanzania au Kenya asidhani yuko salama kwa sababu kanuni zake za adhabu ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa maana kanuni hizo, zilizorithiwa kutoka utawala wa kikoloni, zingali zinaliita kosa hilo "burglary" pale nyumba inapovunjwa usiku na kuliita uvunjaji wa nyumba linapotendwa mchana, tofauti ambayo England yenyewe iliitupa mwaka 1968.

Maneno ya mwenendo, ambayo orodha huyaweka chini ya yale ya uhalifu kana kwamba ni mepesi, yalionekana darasani kuwa na hukumu nyingi zaidi ndani yake. Mtoto mwenye adabu kwa Kiromania ni "cuminte", neno lililoundwa kwa "cu" na "minte", mwenye akili, na ndiyo maana sanamu ya Constantin Brâncuși ya mwaka 1907, "Cumințenia Pământului", ambayo jina lake kwa kawaida hutafsiriwa kuwa hekima ya dunia, inaweza pia kusomeka kama utulivu au adabu ya dunia, usomaji ambao mwandishi anaupenda zaidi. "Șmecher" huandikwa katika orodha kuwa laghai, na hivyo ndivyo alivyo mdomoni mwa aliyepunjwa, ila mdomoni mwa rafiki ni sifa. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapo, kwa kuwa mjanja wa Kariakoo naye husifiwa na kulaaniwa kwa neno hilo moja kutegemea nani anahesabu hasara. Shahidi anayemwita mshitakiwa "șmecher" mbele ya baraza la wazee wa mahakama amesema nini basi? Mkalimani anayechagua maana moja kati ya hizo mbili ameshatoa ushahidi wake mwenyewe, na njia pekee ya heshima ni kumwomba jaji ruhusa ya kumuuliza shahidi alikuwa na maana gani.

Upande wa Kiingereza una neno lake zito katika fungu hili, nalo ni "anti-social behaviour", mwenendo unaowasumbua, kuwatisha au kuwahuzunisha watu wengine, ambao kwa Sheria ya Uhalifu na Vurugu ya mwaka 1998 ulimwezesha hakimu kumwekea mtu amri ya kutokwenda mahali fulani au kutofanya jambo fulani, na kuivunja amri hiyo kukawa kosa la jinai hata pale ambapo jambo lenyewe halikuwa kosa. Amri hizo zilibadilishwa na sheria nyingine ya mwaka 2014. Orodha huandika "comportament antisocial" na kuendelea. Mromania anayesikia hivyo hufikiria zaidi "contravenție", ukiukaji mdogo usio wa jinai ambao polisi hutoza faini papo hapo, kama inavyofanya Sheria namba 61 ya mwaka 1991 juu ya utulivu wa umma, na akishalipa huona yamekwisha.

Sehemu iliyomfurahisha mwandishi, ambayo haikuwa katika mtaala, ni ile ambapo Kiromania na Kiswahili vilikutana bila Kiingereza kuwa kati yao. Karne za Milki ya Osmani ziliiachia Romania maneno ya Kituruki yenye asili ya Kiajemi na Kiarabu, na bahari ya Hindi ililetea pwani ya Afrika Mashariki jamaa za maneno hayohayo kwa njia nyingine: "belea" ni balaa, na "bacșiș" ni bakshishi. Ukurasa wa rushwa ukapata hivyo ngazi ambazo Kiingereza kilichofundishwa darasani hakikuwa nazo, kutoka "bacșiș" ya mhudumu wa mkahawa, kupitia "șpagă" ya mtaani inayotolewa chini ya meza, hadi "mită" ya kanuni ya adhabu, ambako kupokea kumewekewa kifungo cha miaka 3 hadi 10 na kutoa kukawekewa cha miaka 2 hadi 7. Waromania darasani waliyajua maneno hayo ya kisheria kwa ufasaha usio wa kawaida, na sababu ilikuwa televisheni: idara ya waendesha mashtaka wa kupambana na rushwa, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kuongozwa na Laura Codruța Kövesi kuanzia 2013 hadi 2018, iliwafikisha mahakamani mawaziri na wabunge, na taarifa za habari zikawafundisha watu tofauti kati ya "luare de mită", kupokea hongo, na "trafic de influență", kuuza ushawishi ulio nao au unaodai kuwa nao kwa ofisa.

Gharama ya kuyachukulia haya kama mambo ya kamusi tu inaonekana katika kesi ya Cuscani dhidi ya Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya tarehe 24 Septemba 2002. Mshitakiwa huyo, meneja wa mgahawa mwenye asili ya Italia aliyekiri makosa ya kuidanganya mamlaka ya kodi, alikuwa na Kiingereza hafifu. Mkalimani aliyeamriwa kwa siku ya kutolewa adhabu hakuwapo, na jaji akaridhika kwamba kaka yake aliyekuwa ukumbini angesaidia panapohitajika. Mahakama hiyo ya Ulaya iliona kwamba haki yake ya kesi ya haki ilivunjwa, kwa kuwa uwezo wa kaka huyo haukupimwa na mlinzi wa mwisho wa haki hiyo ni jaji mwenyewe. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulipitisha Maelekezo namba 64 yanayodai ukalimani wenye ubora wa kutosha kulinda haki ya mshitakiwa, na neno la uzito hapo ni ubora, kwa sababu kuwapo kwa mtu anayezijua lugha mbili hakujawahi kuwa kazi ngumu.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zake, na tangu hapo kazi ya kuzitia sheria za Kiingereza katika Kiswahili imekuwa ya lazima. Wanaotunga faharasa kwa ajili ya kazi hiyo wanaombwa wasiishie kwenye safu mbili. Chini ya kila jina la kosa waandike kifungu kinacholianzisha, tendo linalotakiwa kuthibitishwa, nia inayotakiwa kuambatana nalo, na adhabu ya juu kabisa, na pale ambapo Kenya, Uganda au Kongo hutumia neno hilohilo kwa kosa jingine, waseme hivyo waziwazi. Kitabu kitakuwa kinene zaidi na kitachelewa kutoka, lakini karani wa mahakama ya mwanzo atakayekifungua asubuhi ya kesi atakuta ndani yake kitu cha kumfaa.